Hewa inapobanduka: shajara ya handaki letu la upepo, Lubumbashi

Jumamosi, 7 Juni

Handaki letu la upepo, njia ya mbao tunayovutia hewa ndani ili tuipime, limekamilika. Tumelijenga kwa tripleksi (mbao nyembamba za tabaka), liko juu ya meza mbili katika chumba cha nyuma cha shule, komini ya Kenya (sehemu ya mji wa Lubumbashi, si nchi), na leo limevuta hewa kwa mara ya kwanza tangu tuanze kukata mbao baada ya Pasaka. Vipimo naviandika hapa ili wanafunzi wa mwaka kesho wasije wakavikisia. Mdomo wa kuingilia ni sentimita 40 kwa 40. Shingo inabana njia hadi 16 kwa 16, yaani eneo linapungua mara 6.25. Inafuata nusu mita ya chumba cha kupimia chenye dirisha la plastiki, halafu difuza, sehemu inayopanua njia tena kutoka 16 hadi 40 ndani ya urefu wa sentimita 60. Mwisho ni feni, inayovuta hewa na kuitoa nje kupitia dirishani. Tumeiweka mwisho kwa makusudi: hewa iliyopita kwenye mapanga ya feni inatoka ikizunguka, na hatutaki kuipima hewa iliyokwisha kuchezewa.

Mdomoni kuna sega la kunyoosha hewa inayoingia. Wanafunzi walikata mirija 1,300 ya soda katika vipande vya sentimita 5 na kuvipanga kimoja kimoja kwa siku tatu. Tundu la sega linatakiwa kuwa na urefu wa mara 6 hadi 8 ya upana wake; mrija wetu ni milimita 6, kwa hiyo tumezidisha kidogo tu. Mmoja aliuliza kama kazi ya mirija na mbao inaweza kuitwa sayansi. Nilimwambia kwamba ndugu wawili wa Dayton, Orville na Wilbur Wright, mwaka 1901 walipima mabawa yao ndani ya sanduku la mbao lenye urefu wa futi 6, katika karakana yao ya baiskeli.

Manometa, kifaa chetu cha kupimia shinikizo, ni mpira wa serumu (mrija wa dripu) kutoka duka la dawa, umelazwa juu ya ubao unaopanda sentimita 6 katika urefu wa sentimita 60. Kila milimita moja ya wima inaonekana kama milimita 10. Maji tumeyatia rangi nyekundu na tone moja la sabuni ya vyombo; bila sabuni maji yanang'ang'ania ukuta wa mpira na kusoma uongo.

Kipimo cha leo, kinachopanda kadiri hewa inavyokwenda kasi: milimita 33. Lakini hakitulii. Kinapanda 37, kinashuka 29, kinarudi. Wanafunzi wanasema feni ni dhaifu. Nami naona hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeazima feni yenye nguvu zaidi. Kipimo: 38, na kinacheza kuliko Jumamosi iliyopita. Kelele nyingi, faida ndogo. Nimerudisha feni ya watu jioni ileile.

Kuna kitu kinakula nguvu yetu mahali fulani kati ya mdomo na feni, nasi tunakilisha zaidi.

Jumamosi, 21 Juni

Leo ni siku ya nyuzi, nayo naiandika kwa urefu.

Asubuhi nilipita soko la Kenya. Mama muuza nyuzi za kufumia aliuliza naanza kufuma nini. Nikamwambia, "Mama, nataka kuona upepo." Akanikatia uzi mwembamba mwekundu wa bei ndogo, akaongeza kipande cha njano bure. Tulikata vipande vya sentimita 3 na kuvibandika kwa ncha moja ndani ya difuza, mistari minne katika kila ukuta, kisha tukatoboa paa la difuza na kufunika tundu kwa plastiki ili tuchungulie.

Feni ikawashwa. Karibu na chumba cha kupimia, nyuzi zote zililala zikielekea kwenye feni, zimetulia kama majani yaliyolazwa na mto. Sentimita 10 mbele zaidi, ukuta wa kushoto ulianza kutetemeka. Sentimita 20: nyuzi za kushoto zilikuwa zimegeuka. Hazikutetemeka tu; ncha zake zilielekea nyuma, kule hewa inakotoka. Wanafunzi wanane walisukumana pale tunduni, kila mmoja akitaka kuona kwa jicho lake. Upande wa kulia, wakati huohuo, nyuzi zililala vizuri karibu hadi mwisho. Hewa yetu yote ilikuwa inapita imekumbatia ukuta wa kulia, na upande wa kushoto ulikuwa umejaa hewa inayozunguka mahali pamoja bila kwenda popote.

Binti mmoja aliingiza kipande cha kadibodi kupitia tundu, akauziba upande wa kulia kwa kitambo kifupi, akakitoa. Mkondo ukahamia kushoto. Ukabaki kushoto! Nyuzi za kulia sasa ndizo zilizogeuka. Dakika kadhaa baadaye ulirudi kulia wenyewe, bila mtu kugusa kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kipimo kinacheza: njia ni ileile, pande zake ni sawa, lakini mkondo unahama ukuta, na kila unapohama manometa inajua.

Pembe zetu ndizo kosa. Kila ukuta wa difuza unafunguka sentimita 12 ndani ya 60, hiyo ni digrii 11.3, na kuta mbili zinazotazamana zinafanya digrii 22.6. Difuza ya kawaida inakaa salama kwa pembe ya jumla ya digrii 5 hadi 7. Sisi tumeizidisha zaidi ya mara tatu, kwa sababu moja tu: chumba ni kifupi na mimi ndiye niliyechora.

Niliwaeleza hivi. Njia inapopanuka, hewa inapunguza mwendo na shinikizo linapanda. Maana yake, ndani ya difuza hewa inapanda mlima. Katikati ya njia ina mwendo wa kutosha kuupanda. Lakini hewa inayogusa ubao imekwisha kucheleweshwa na msuguano. Tabaka lile jembamba la mpakani limefika chini ya mlima likiwa limechoka. Mnawajua wabeba makala (makaa) wanaoingia mjini na baiskeli zenye magunia matatu. Aliyekuja na kasi anaumaliza mwinuko. Aliyefika taratibu anasimama katikati, na asiposhuka kushika baiskeli, mzigo unamrudisha nyuma. Nyuzi zilizogeuka ndiyo baiskeli zinazorudi. Na kwa kuwa zimeziba njia ya pembeni, mkondo unaokuja nyuma yao hauna la kufanya ila kuuacha ukuta. Ndiyo kubanduka.

Mlima ukiwa mrefu na wa taratibu, hewa ya katikati inapata nafasi ya kuwashika mkono wale wa pembeni. Ukiwa wa ghafla, haipati.

Jumamosi, 28 Juni

Umeme hakuna tangu asubuhi. Tumekaa na chaki.

Kwanza, mwendo. Shinikizo la milimita 3.3 za maji ni paskali 32 na ushee. Vitabu vinatoa uzito wa hewa wa kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, lakini hiyo ni hewa ya pwani. Sisi tuko juu ya mita 1,200. Kwa joto la chumba chetu ni takriban 1.03. Kwa hewa ya pwani tungeandika mita 7.3 kwa sekunde. Kwa hewa yetu ni 7.9. Kosa la asilimia 8 kwa kunakili namba moja bila kujiuliza uko wapi. Nimewataka waiandike 1.03 kwa rangi kwenye ubao wa handaki lenyewe.

Pili, difuza. Eneo likipanuka mara 6.25, mwendo unabaki chini ya moja ya sita. Kama hakuna kinachopotea, asilimia 97 ya shinikizo la mwendo ingerudi kuwa shinikizo la kawaida, na feni isingekuwa na kazi kubwa ya kufanya. Yetu inairudisha kidogo mno. Mengine yanaishia kwenye ule mzunguko wa kushoto kama joto.

Umeme ulipokataa hadi saa tisa, nikawasimulia habari za Ludwig Prandtl, mtaalamu Mjerumani wa mienendo ya hewa. Agosti 1904, kwenye kongamano la wanahisabati huko Heidelberg, Ujerumani, alisoma insha fupi iliyoleta wazo la tabaka la mpakani na kueleza kwa nini mkondo unabanduka. Majaribio yake aliyafanya katika mfereji wa maji aliouendesha kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, basi hata sisi tutengeneze la mkono." Tumeliandika katika orodha, na sifanyi mzaha.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu. Shule imefungwa lakini nilikuja kuandika namba, na Papa mfua sufuria wa jirani akapita kunipa heri ya uhuru. Anayeyusha vyuma chakavu vya aluminiamu na kumimina sufuria katika mchanga, kazi aliyoifanya tangu ujana. Aliangalia difuza kwa muda bila kusema, akapitisha kiganja chake kwenye ukuta unaofunguka.

"Mwalimu, hii mdomo inafunguka mbio sana."

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia feni ya tanuru lake aliwahi kuiungia bomba dogo na kuliingiza moja kwa moja katika bomba kubwa, kwa sababu bomba kubwa lilikuwepo bure. Moto ukapoa. Akalitoa, akakunja bati refu kama koni, mdomo mwembamba huku na mpana kule, moto ukarudi. "Hewa haipendi kushtushwa, mwanangu." Hakutaja digrii hata moja. Nilipompima kwa macho urefu wa ile koni anayoionyesha kwa mikono, ilikuwa ndani ya mipaka ya vitabu vyote nilivyosoma.

Nimemwomba aje Jumamosi aongee na wanafunzi. Amekubali, akitaka tu asiwekwe mbele ya ubao.

Jumamosi, 12 Julai

Kabla ya kukata difuza mpya, nimeamua tujifunze umbo kwa kitu kidogo. Ndani ya chumba cha kupimia tumeinua sakafu kwa ubao wa sentimita 2, halafu tukaishusha kwa namna nne: ngazi ya wima, mteremko wa digrii 30, wa 15, na wa 8. Kila mteremko una nyuzi katikati yake na nyuma yake.

Ngazi ya wima: nyuzi zimegeuka kuanzia ukingoni, na zinaanza kulala tena sentimita 12 na nusu mbele. Hiyo ni mara 6 na robo ya kimo cha ngazi. Nilifurahi sana, kwa sababu kwa mkondo wenye vurugu ngazi kama hii inajulikana kurudisha hewa sakafuni baada ya kimo 6 au 7, na sanduku letu la tripleksi limesema hivyohivyo.

Digrii 30: sentimita 11 na nusu. Hapa darasa lilinyamaza. Walitegemea mteremko ungesaidia, na haukusaidia karibu chochote; kwa hewa, digrii 30 ni ngazi iliyofichwa. Digrii 8: hakuna uzi hata mmoja uliogeuka. Digrii 15 ndiyo iliyotuchukua mchana mzima. Nyuzi za mteremkoni zilikuwa zikilala, zikisimama, zikigeuka, zikilala tena, hazina uamuzi. Papa mfua sufuria, aliyekuwa ameketi nyuma, aliomba aione ile pembe ya juu, mahali sakafu inapoanza kushuka. Ilikuwa kali kama kisu, jinsi msumeno ulivyoiacha. Akatoa msasa mfukoni, akaomba ruhusa, akaizungusha kwa dakika kumi hadi kidole kikapita bila kuhisi kona.

Tukairudisha. Nyuzi zililala. Digrii ni zilezile 15, urefu uleule. Kilichobadilika ni namna mteremko unavyoanza.

Tangu leo, mtu akiniambia pembe bila kuniambia ukingo wake, nitamwona hajaniambia kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Difuza mpya imetoka kwa seremala. Urefu mita 1. Kila ukuta unafunguka digrii 6.8, jumla 13.7. Bado ni kubwa. Ili kufikia digrii 7 za jumla tungehitaji karibu mita 2, na chumba chote kina mita 2.6.

Kipimo: 36. Sikuamini. Tumefanya kazi ya mwezi mzima kwa milimita 3!

Tulitafuta hadi saa kumi. Mwishowe binti aliyehamisha mkondo kwa kadibodi aliwasha kijiti cha ubani na kukipitisha polepole nje ya maungio. Kwenye kona ya chini, karibu na shingo ya difuza, moshi ulikunjika na kuingia ndani ya ubao kama uzi unaoingia tundu la sindano. Seremala alikuwa ameacha mwanya wa chini ya milimita 2. Ndani ya handaki shinikizo ni dogo kuliko la chumbani, kwa hiyo hewa ya nje ilikuwa inapenya pale na kulipiga tabaka la mpakani ubavuni, hasa pale linapoanza kupanda mlima.

Kona zote tumezibandika vipande vya gazeti kwa uji wa mihogo. Tunaacha vikauke.

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi, difuza iliyozibwa: 44. Kinacheza milimita 1 tu. Nyuzi za kuta zimelala, isipokuwa kona mbili za juu, ambako kuta mbili zinakutana na tabaka mbili zilizochoka zinakuwa moja. Katika njia ya pembe nne kona ndizo zinazoanza kubanduka. Bomba la duara halina taabu hii.

Mchana tuliingiza msalaba: mbao mbili nyembamba zinazopishana, zinazopita urefu wote wa difuza na kuigawa kuwa njia nne. Hatukuongeza hata sentimita moja ya urefu. Lakini kila njia sasa inafunguka digrii 6.8 tu, kwa kuwa ukuta wake wa nje una mwelekeo na ule wa ndani umenyooka. Ncha za mbele za msalaba tulizichonga ziwe nyembamba, somo la ule msasa. Nilikuwa na hofu kwamba mbao zenyewe zitaongeza msuguano na kula tulichopata.

51.

Nilimwomba kijana mwingine asome. 51. Nikafuta mpira, tukamwaga maji, tukayajaza upya, tukasubiri mapovu yatoke. 51, na uso wa maji mekundu umetulia juu ya mstari kiasi cha kuweza kuuchora kwa kalamu.

Hiyo ni mita 9.9 kwa sekunde kutoka 7.9, kwa feni ileile ya kwanza. Nguvu ya upepo inakwenda na mwendo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo katika chumba cha kupimia inapita nguvu karibu maradufu, na feni yenye nguvu niliyoiazima mwezi Juni ilitoa karibu robo tu ya faida hiyo. Nguvu hiyo ilikuwa imepotea ndani ya sentimita 60 za mbao nilizozichora mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Vumbi la kiangazi limejaa kwenye sega. Tumesafisha kwa brashi, kipimo kilikuwa kimeshuka hadi 47 na kimerudi 51. Kusafisha sasa ni kila juma.

Jaribio dogo: mteremko mwingine wa digrii 15 wenye ukingo mkali, ila kabla ya ukingo tumebandika utepe wa msasa mkwaruzo kuvuka sakafu. Wanafunzi wote walitabiri kwamba ukwaruzo utaharibu zaidi. Nyuzi za mteremkoni zikalala karibu zote. Ukwaruzo unaliamsha tabaka la mpakani, unalivuruga, na vurugu hiyo inachota hewa yenye kasi kutoka juu na kuileta ukutani.

Jambo hili liliwahi kuwasumbua wakubwa. Gustave Eiffel, yule wa mnara, alipima mpira wa duara katika handaki lake la Paris na kupata ukinzani wa hewa mdogo sana kuliko uliopimwa Göttingen, Ujerumani. Mwaka 1914 Prandtl alivisha mpira pete ya waya mwembamba, na ukinzani ukashuka: tabaka lililovurugwa lilikuwa limeng'ang'ania mpira zaidi kabla ya kubanduka. Binti wa ubani alitaka kujua kama walipatana baadaye. Swali zuri, nimelibakiza kwake alitafute.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkuu wa shule amekubali tuuache mlango wazi siku za Jumamosi. Maana yake mdomo wa handaki unaweza kutokea barazani, na difuza ya sentimita 196 bila msalaba inaenea. Nataka kuzilinganisha uso kwa uso, ndefu na ile yenye msalaba, kwa feni moja na kwa siku moja.

Wanafunzi wamepiga mstari wa chaki sakafuni kutoka dirishani hadi nje ya kizingiti. Upepo wa barazani utatusumbua, kwa hiyo Mama mpishi wa shule ametupa viroba viwili vya unga tuvishone pazia. Papa mfua sufuria ameomba safari hii akate mbao yeye mwenyewe, na ameleta msasa wake.